Mwenye Vigae Aliyekataa Kuezeka

Mimi ndiye niliyeiezeka nyumba ya Abbasi pale Kasulu mjini, kwa hiyo ninapomsifu Pelagia wa Nyakitonto, jueni namsifu mtu aliyeniumbua mbele ya watu. Sifa za namna hiyo hazina unafiki. Naitwa Kipriani, seremala, na kama mtu anadhani nampendelea mama yule, amuulize kwanza kama amewahi kukubaliana nami hata kwa jambo moja. Hajawahi. Nikisema mvua itanyesha, yeye atasema tusubiri tuone.

Pelagia alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, mwaka sabini na mbili. Baba yake, mzee Havyarimana, alikuwa fundi wa vigae huko kwao, vile vigae vya udongo vilivyopinda ambavyo Warundi huviita amategura. Alipofika Nyakitonto hakuuliza shamba liko wapi. Aliuliza udongo wa mfinyanzi uko wapi. Alioneshwa bonde lenye kijito, akaonja udongo kwa ulimi, akajenga tanuri. Wanawe wa kiume walikimbilia biashara, na kazi ikabaki kwa binti. Pelagia akawa anafinyanga, anaanika, anachoma, miaka nenda rudi, na sisi wenyeji tukawa tunamcheka. Wakati kila mwenye kuvuna maharage mengi alikuwa anashusha nyasi na kupandisha bati ling'ae mpaka ng'ambo ya bonde, nani angetaka udongo kichwani? Tuliziita nyumba za vigae nyumba za wakimbizi. Nasema tuliziita kwa sababu na mimi nilikuwemo, na leo naona haya.

Sasa nije kwa Abbasi. Abbasi ni mfanyabiashara, ana duka la jumla karibu na soko, na asili yake ni Pangani. Ni mtu mwema, mkarimu, ila ana ugonjwa mmoja: kila kilicho kizuri lazima kifanane na kwao. Mwaka 2013 alipojenga nyumba yake alitaka nyumba ya Kipwani. Madirisha makubwa, chumba cha mbele kinachotazama mashariki barabarani, kuta nyembamba za tofali za kuchoma zilizosimamishwa kwa ubavu, na juu ya kila ukuta matundu ya hewa yaliyopangwa kama maua. Pangani mtu hulala akiomba upepo. Lakini hapa ni Buha, nchi ya Waha milimani, jamani. Hapa mwezi wa saba mtu anaoga maji ya moto na bado meno yanagongana. Nilijua hayo yote, na nilizikata fremu za matundu yale kwa msumeno wangu mwenyewe, kwa sababu mwenye nyumba kataka na fundi hajaulizwa. Mlango wa mbele nilimtengenezea wa mninga, nikauchonga kwa majuma matatu. Ule mlango ulikuwa fahari yangu. Juu ya yote tukapiga bati, bila dari.

Januari 2014 Abbasi alimleta mama yake, Bi Zaitun. Bibi huyo alikuwa mjane, hana mtoto mwingine, na nyumba ya Pangani ilikuwa ya kupanga. Akapewa chumba cha mbele, chumba cha heshima, kitanda cha nakshi na mapazia. Mpaka mwezi wa tano alikuwa bibi mcheshi anayewatania wapita njia dirishani. Juni baridi ikashuka. Mafuta yake ya nazi ya kupaka nywele yakaganda kwenye chupa, akawa anayachokoa kwa kijiti. Baridi ile ilipita kwenye matundu yangu ya maua, ikatua kifuani mwake. Julai akalazwa na nimonia. Alipotoka, daktari alimwambia Abbasi waziwazi: mapafu ya mama yamechoka, baridi nyingine ya namna hii hataivuka.

Halafu ukaja mwezi wa nane na wa tisa, na bati likageuka kaango. Asubuhi bibi anatetemeka, saa nane mchana anajipepea kwa kipepeo cha ukili huku jasho linamtiririka, usiku anatetemeka tena. Kikohozi hakikumwacha. Akaanza kusema, "Nirudishe Pangani, mwanangu. Mie nikafe penye joto la namna moja."

Abbasi hakuwa na pa kumrudisha. Ndipo akaanza kuhangaika na mitambo. Aliagiza kiyoyozi kutoka Dar es Salaam, kile kinachotoa baridi na joto pia, kikaja juu ya basi kimefungwa magodoro. Mtaa mzima ulikuja kukiona. Siku ya kwanza kilivuma vizuri, bibi akashika rimoti kama shehe aliyeshika tasbihi, tukafurahi. Siku ya pili umeme wa mji ukaja dhaifu, taa nyekundu kama makaa, kiyoyozi kikanguruma mara mbili kikanyamaza. Abbasi akanunua jenereta. Jenereta likamnyima mama usingizi, na joto lote lililotoka kwenye mtambo likapanda juu likatokea matunduni, likaenda kuwapasha moto kunguru. Zena, mke wa Abbasi, akajaribu jiko la mkaa chumbani. Asubuhi bibi akaamka kichwa kinamuuma na anatapika, na Zena akalia siku nzima, kwa maana alikuwa anampenda mkwewe sana.

Hapo ndipo mtu mmoja sokoni alipomwambia Abbasi habari za vigae. Kwamba chini ya vigae mchana ni kivuli na usiku ni blanketi. Abbasi, mtu wa papara, akapanda pikipiki mpaka Nyakitonto, akamkuta Pelagia amejaa udongo mpaka viwikoni, akamwambia anataka nyumba nzima iezekwe upya, pande zote, kabla ya mvua za vuli kushika.

Fikirini wenyewe. Mwanamke ambaye kwa miaka thelathini amekuwa akiuza vigae kwa kanisa hapa na kaburi pale, leo tajiri wa mjini anataka nyumba nzima, barabarani, kila mtu aione. Kila mwamba ngozi huvutia kwake. Mimi ningekuwa yeye ningekuwa nimeshapakia. Pelagia alifuta mikono akasema, "Nitakuja kwanza nikae nayo."

"Ukae na nini?"

"Na nyumba. Siku tatu."

Akaja na kikapu, na ndani ya kikapu mlikuwa na vibakuli sita vya udongo na chupa ya mawese. Mimi niliitwa nieleze mbao za paa, kwa hiyo niliona yote. Alimwaga mawese kidogo kwenye kila kibakuli, akaviweka nyumba nzima: chumba cha mbele, sebuleni, vyumba vya watoto, koridoni, na cha sita kwenye stoo iliyo nyuma ya jiko. Zena akamuuliza kama ni dawa ya Kirundi.

"Oya, hapana," akasema Pelagia. "Ni mawese tu, mama. Mawese hayajui kumwogopa mwenye nyumba. Pakiwa na baridi yanaganda, pakiwa na joto yanayeyuka."

Siku zile tatu alikuwa kero. Alizunguka alfajiri, saa nne, saa nane na magharibi, akitikisa vibakuli na kubandika kiganja ukutani kama anayepima homa ya mtoto. Hakukaa kula mpaka abembelezwe. Akanituma nipande chini ya bati na kunitaka nimsomee unene wa kila mbao na nafasi kati yake. Nikamtajia. Akanitazama kwa muda mrefu, na mimi nikaanza kuangalia viatu vyangu.

Siku ya tatu akatukusanya sebuleni. Bi Zaitun alikuwa kwenye kiti chake, shuka mbili mabegani.

"Chumba cha mama," Pelagia alisema, "asubuhi mawese yanaganda kama sabuni. Saa nane yanakuwa chai. Kila siku, sabuni, chai, sabuni, chai. Mwili wa mtu mzee hauwezi hiyo."

"Ndiyo maana nataka vigae," Abbasi akasema.

"Vigae sikuezekei."

Nilidhani sijasikia sawasawa.

"Mbao za Kipriani ni za kubeba bati," akaendelea, bila hata kupunguza sauti kwa ajili yangu. "Mikaratusi mibichi, na zimeachana hatua nzima. Nikiweka vigae, mwaka mmoja paa litapinda, mwaka wa pili litamwangukia mama. Na hata likikaa, kuta ni nyembamba na zimejaa matundu. Utakuwa umevaa kofia nzuri na mwili uko uchi."

Uso uliniwaka. Nilitaka kusema kwamba mbao zile ndizo nilizopewa, na hiyo ilikuwa kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba fundi mzuri angekataa, na mimi sikukataa. Mbele yangu alikuwa amesimama mtu anayeikataa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kuletewa, kwa sababu tu si kazi sahihi. Hasira ikanishuka, ikaja kitu kingine ambacho sikukipenda, lakini kilikuwa heshima.

"Sasa nifanye nini?" Abbasi akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Pelagia akainua kibakuli cha sita. "Hiki cha stoo. Asubuhi laini, mchana laini, jioni laini. Hayagandi wala hayayeyuki."

Ilikuwa kweli, na sababu yake haikuwa muujiza. Stoo na jiko vilikuwa mabaki ya nyumba ya zamani ya Muha aliyemuuzia Abbasi kiwanja: tofali mbichi, ukuta mnene kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, hauna tundu hata moja. Ukuta wa magharibi unakunywa jua la jioni na kulitoa polepole mpaka alfajiri, na ukuta wa pili umepakana na mafiga, moto unawaka upande wa jikoni, moshi unatokea huko huko, na joto tu ndilo linalovuka. Kilichokosekana ni dari, kuzuia joto la lile bati. Mzee yule Muha hakuwa na kiyoyozi wala rimoti. Alikuwa na akili, na sisi tukaigeuza akili yake kuwa stoo ya mchele.

"Mama ahamie hapo," Pelagia akasema.

Abbasi akasimama. "Mama yangu alale stoo? Nyuma ya jiko? Watu waseme Abbasi kamtupa mama yake kwenye magunia?" Na hakuwa anajikweza. Kwao mama hukaa mbele, na mgeni anayeingia humsalimia yeye kwanza. Alikuwa radhi kununua mitambo mpaka afilisike kuliko kumnyang'anya mama yake hiyo salamu.

Pelagia alifanya jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifanya tangu Januari: alimgeukia Bi Zaitun, akapiga goti, akamuuliza yeye.

"Shikamoo, mama. Wewe unasemaje?"

Bi Zaitun akakohoa kwanza, kikohozi kirefu. "Marahaba, mwanangu. Mie joto la stoo nalitaka. Nimeliona nikienda kuchukua vitunguu. Lakini wageni wangu wataingilia wapi? Wapite jikoni wakiruka masufuria? Mie simpokei mgeni kwa mlango wa masufuria. Bora nife mbele."

Nikajitia mwenye hekima nikasema, "Bibi, nyumba njema si mlango."

"Hayo husema asiye na mlango," bibi akanijibu, na wote wakacheka isipokuwa Pelagia, ambaye alikuwa anautazama ukuta wa magharibi.

"Kama heshima iko mlangoni," akasema taratibu, "basi mlango tuuhamishe."

Na ndivyo tulivyofanya. Oktoba yote nilikuwa fundi chini ya mwanamke yule, na sijawahi kusemwa namna ile tangu nimalize kujifunza kazi. Tuling'oa mlango wangu wa mninga mbele, tukaliziba pengo lake kwa tofali. Tukatoboa ukuta mnene wa magharibi wa stoo, tukautia mlango pale, ukitazama magharibi, ili mgeni akiingia akutane na Bi Zaitun kabla ya mtu mwingine yeyote. Dirisha dogo tukaliweka pembeni. Chini ya bati Pelagia alisuka dari ya matete, akaikandika udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe na majivu, tabaka juu ya tabaka, akalainisha kwa mkono mpaka ikawa kama ngozi ya mtungi. Kule mbele aliziba matundu yangu ya maua moja baada ya jingine, na chumba cha heshima kikapokea magunia ya Abbasi. Mchele haukohoi, alisema. Kiyoyozi alikiacha kilipo. Kilipopoza soda za duka zilizowekwa humo siku umeme ukiwa na nguvu, Abbasi hakulalamika.

Vigae vilitumika kidogo tu: nje ya mlango mpya tulijenga kibaraza cha nguzo nne, mbao za mninga mkavu nilizochagua mwenyewe safari hii, na juu yake Pelagia akapanga vigae vyake vyekundu. Alizikagua mbao zangu zote. Hakusema ni nzuri. Alisema, "Endelea."

Mtaa ulicheka, kama kawaida yake. Watu walifika mbele wakakuta ukuta, wakalazimika kuzunguka kwenye majani. Wakasema Abbasi ameipa barabara kisogo, wakasema Mrundi kamloga. Abbasi alivumilia, lakini nilimwona akipita mbele ya nyumba yake kichwa chini. Kejeli za watu angezizoea. Kilichomnyima raha ni Julai, iliyokuwa inakuja, na mama yake alikuwa ndani ya chumba ambacho kilipimwa kwa mawese.

Juni 2015 baridi ikashuka, na ilikuwa kali kweli. Asubuhi ukungu ulikaa mabondeni mpaka saa nne na waendesha bodaboda walivaa makoti mawili. Abbasi akashindwa kujizuia. Bila kumwambia Pelagia akaniita, akaniambia nipigilie misumari dirisha dogo la mama, lisifunguke kabisa hata kwa bahati mbaya. Nikapigilia. Hofu ya mtoto kwa mama yake haina fundi wa kuibishia.

Katikati ya Julai, asubuhi moja yenye baridi kuliko zote nilizokumbuka mwaka ule, Zena alikuja karakana mbio bila hata ya kandambili. "Fundi, njoo. Mama anapiga kelele." Nilichukua kofia, sijui kwa nini, na kikoba cha vifaa, nikakimbia naye. Abbasi alikuwa amesimama kibarazani chini ya vigae, mkono ukutani, hana nguvu ya kuingia.

Sauti ya Bi Zaitun ikatoka ndani, kali, safi, haina mkwaruzo:

"Nani kapigilia dirisha hili? Eti, weye Abbasi! Mmenifungia kama kuku wa kuatamia! Joto jamani, joto! Nyie mnataka kuniua?"

Abbasi aliketi chini palepale kwenye sakafu, kanzu na yote, akacheka huku machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu. Zena akamshika bega, naye analia. Mimi nilishika koleo nikaenda kung'oa misumari, na bibi alinitukana kwa kila msumari, matusi ya Pangani, matamu, mengine sikuyaelewa. Dirisha lilipofunguka upepo wa Buha ukaingia kidogo, akauvuta puani kwa raha. Akaniambia nilale naye huko nione jinsi chumba kilivyo tanuri, halafu akajifunika kanga uso akicheka.

Mchana nilipanda pikipiki kwenda Nyakitonto. Nilitaka niwe wa kwanza kumpa habari, na njiani nilikuwa napanga maneno ya sifa, maneno mazito, aliyokuwa akinidai kwa miaka mingi. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya kibao chake, anapinda kigae kibichi.

"Mwiriwe, Pelagia."

"Yewe Kipriani. Alikohoa?"

Hata salamu hakuijibu. "Hapana."

"Usiku wote? Leo, kwa baridi hii?"

"Zena alilala chumba cha pili, mlango wazi. Hakukohoa hata mara moja. Analalamika joto."

Mikono yake ikasimama juu ya kigae. Nilisubiri aseme nilijua, au aseme niliwaambia, kama ambavyo mimi ningesema, tena kwa sauti kubwa, tena sokoni. Badala yake kigae kikamponyoka kikaanguka kikabonyea, na yeye akakaa matopeni, akafunika uso kwa mikono ile ile yenye udongo. Mabega yakaanza kumtikisika. Sikuwahi kumwona hivyo.

"Nilikuwa naogopa," akasema. "Tangu tulipoziba lile tundu la mwisho. Kila asubuhi ya baridi naamka nasema, leo wataniletea habari kwamba nimemuua mama wa watu."

Nikaketi matopeni kando yake. Zile sifa nilizozipanga njiani sikumwambia hata moja. Nilikiokota kile kigae kilichobonyea, nikamrudishia, naye akakipinda upya.